Chuo chetu Tanga kina kampasi tatu: tuchimbe faiba yetu au tukodi? Na hii tuliyonayo mbona inakufa saa nane mchana?

#1 Fundi_wa_Raskazone

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa mtandao kwenye chuo kimoja hapa Tanga, jina nalihifadhi. Utawala na maktaba viko Raskazone, karakana na madarasa makubwa viko Kange, kampasi mpya iko Pongwe. Nimepima kwa pikipiki: Raskazone hadi Kange kilomita 6 na nusu, Kange hadi Pongwe 10 na kidogo.

Raskazone–Kange tuna faiba ya juu ya nguzo, nyuzi 12, ilivutwa mwaka jana. Kange–Pongwe tunatumia redio za 5 GHz juu ya minara miwili. Intaneti inaingia Raskazone, kwa hiyo Pongwe wanakula makombo.

Nina mawili. Mkuu wa chuo ameniagiza andiko la kufikisha faiba Pongwe. Msimamo wangu: tuchimbe, tuzike, tumiliki. Chuo kitakuwepo miaka hamsini ijayo, sioni kwa nini kilipe kodi ya njia yake mwenyewe kila mwezi.

La pili linanikosesha usingizi. Faiba ya Kange inakatika na kurudi karibu kila siku ya jua kali, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja hivi. Usiku safi, asubuhi safi, hata mvua ikinyesha safi. Swichi nimebadilisha, hali ni ileile.

Dirisha la maombi ya mkopo likifunguliwa, vijana wa Pongwe wanapanda daladala kuja mjini kujaza fomu. Mtoto anatoa nauli ili apate intaneti wakati yuko chuoni. Inaniuma. Naombeni mawazo.

#2 Mpita_Njia

Nimekaa, naleta na kahawa.

#3 Mtaro_Mrefu

Chimba mkuu, usisikilize mtu. Nimechimba mitaro ya faiba miaka minane, Tanga na nje ya Tanga. Ya kuzikwa ukiiweka mita 1 na zaidi chini, ndani ya bomba gumu la plastiki, unaisahau. Ya juu ya nguzo ni kuomba Mungu kila siku: lori refu, mnazi ukianguka, mtu anachoma taka chini ya nguzo.

Ila nikuonye. Raskazone hadi mjini unakutana na mwamba wa matumbawe. Pale jembe na sururu havifui dafu, unahitaji mashine ya kuvunjia. Ukishavuka mjini kuna udongo wa kawaida, halafu kuelekea Pongwe unarudia chokaa, maana kule ndiko malighafi ya saruji inakotoka. Mtu akikupa bei moja ya mita kwa njia nzima, huyo hajapita hiyo njia.

#4 Hesabu_Kwanza

Mleta uzi, naheshimu msimamo wako, lakini umeanzia mwisho. Kioo chenyewe ni bei ndogo. Fedha inaenda kwenye mtaro, vibali na kurudishia lami. Na kuna swali ambalo maandiko mengi hayajibu: faiba ikikatwa na katapila saa tano usiku nani anakwenda kuunga? Mna mashine ya kuungia? Mna ngoma ya waya wa akiba stoo? Mna gari?

Mkongo wa Taifa, ile faiba ya serikali, unapita Tanga kwenda Horohoro. Kampuni za simu nazo zina waya barabara hiyohiyo. Ulizia kukodi nyuzi mbili za giza, yaani nyuzi ambazo hazijawashwa, unaweka vifaa vyako kila upande. Mikataba ya namna hiyo inakuwa ya miaka 15 au 20, unalipa kwa mkupuo kama unanunua. Waya ukikatika, mwenye waya anahangaika yeye.

#5 Mtaro_Mrefu

#4 anahangaika yeye, ila kwa wakati wake. Benki na minara yake ya simu kwanza, chuo baadaye.

#6 Hesabu_Kwanza

Ndiyo maana mkataba unaandikwa saa za kurekebisha na fidia. Usiposoma mkataba usilaumu waya.

#7 Kijana_wa_Sahare

Kuhusu saa nane mchana, jibu ni rahisi. Jua linapasha waya, kioo kinatanuka, mwanga unapotea njiani. Usiku kinapoa, kinarudi.

#8 Kioo_na_Mwanga

Hapana ndugu yangu #7. Kioo cha faiba kinatanuka kidogo mno: kila digrii moja ya joto, kama nusu ya sehemu moja ya milioni. Piga hesabu. Mita 6,500, joto likipanda digrii 20, urefu unaongezeka sentimita 7 tu kwa njia nzima. Hilo haliui linki.

Kinachotanuka ni plastiki ya nje, na waya wa chuma unaobeba kama ni ile ya umbo la nane. Waya unalegea, unavuta au unasukuma vijirija, yaani vijibomba vinavyobeba nyuzi, ndani ya klosha, yaani lile boksi la viungo, na uzi uliokunjwa kwa kubana unabanwa zaidi. Kwa hiyo joto linahusika, ila si kwa njia uliyosema.

Mleta uzi, swichi inasema mwanga unaopokelewa ni kiasi gani? Toa namba ya asubuhi na ya saa nane. Na moduli, kile kichomeko cha swichi kinachotuma na kupokea mwanga, ni ya kilomita ngapi?

#9 Fundi_wa_Raskazone

Asante #8. Moduli ni SFP za gigabiti 1, wimbi la mwanga nanomita 1310, za kilomita 10. Upande wa Raskazone zinaingia desibeli hasi 17.9 asubuhi (hasi ikikua, mwanga umepungua). Leo saa nane na robo zilikuwa hasi 20.6, ndipo ikakatika. Kange inatuma hasi 6.1.

#10 Kioo_na_Mwanga

Basi hapo pana kitu. Kilomita 6.5 mara upotevu wa desibeli 0.35 kwa kilomita ni 2.3. Viungo, tuseme vitano kwa 0.1 kila kimoja, 0.5. Vichwa vya kuchomeka vinne kwa 0.5 ni 2. Jumla desibeli 4.8. Wewe unapoteza 11.8 hata asubuhi kukiwa na ubaridi! Desibeli 7 zimepotea mahali kabla jua halijachomoza. Moduli ya aina hiyo inahesabiwa kusikia hadi hasi 19. Yaani linki yako inaamka asubuhi ikiwa mgonjwa tayari, jua linaimalizia tu.

#11 KaziNiNguzo

#10 umekosea kidogo, upotevu wa kioo ni 0.2 kwa kilomita, si 0.35.

#12 Kioo_na_Mwanga

0.2 ni kwenye nanomita 1550. Kwenye 1310 ni 0.35 hivi. Yeye anatumia 1310.

#13 KaziNiNguzo

Sawa, nimekubali.

#14 BintiNgamiani

Mimi nasoma umeme. Umesema Kange kuna karakana. Vipindi vya kuchomelea vinaanza saa ngapi?

#15 Fundi_wa_Raskazone

Saa nane. Hadi saa kumi. Dada, umenishtua.

#16 BintiNgamiani

Basi kaangalie umeme kabla hujapanda nguzo. Mashine za kuchomelea zikiwaka zote, umeme unashuka, UPS ikiwa na betri iliyochoka inayumba, swichi inajizima na kuwaka. Ukiwa Raskazone unaona linki imekatika na unailaumu faiba ya watu.

#17 Fundi_wa_Raskazone

Nimekwenda kusoma kumbukumbu za swichi ya Kange. Katika siku kumi za karibuni imejizima mara mbili tu, zote mchana. Linki imekatika mara kumi na tisa. Jumamosi hakuna karakana, lakini Jumamosi moja ilikatika na nyingine haikukatika. Sijui niseme nini.

#18 Kijana_wa_Sahare

Jumamosi isiyokatika palikuwa na mawingu?

#19 Fundi_wa_Raskazone

Sikumbuki. Naanza kuandika hali ya hewa kila siku kuanzia kesho.

#20 Mzee_wa_Stesheni

Wanangu, hamjambo. Mimi nilifanya kazi relini, sijui hayo mambo ya desibeli, ila nawasikia mnazungumza njia nami njia naijua.

Reli yetu ya Tanga ilianza kujengwa 1893, na inapita Pongwe. Enzi zetu nguzo za simu zilifuata reli, waya wa shaba mtupu juu, kutoka stesheni hadi stesheni. Njia ya reli imenyooka, haina maduka, haina mtu anayejenga choo chake katikati. Barabara inapanuliwa kila baada ya miaka, reli inabaki palepale. Kwa nini msiombe kupita pembeni ya reli?

Ila shaba iliibwa mpaka tukachoka. Waya ukikatwa usiku, asubuhi treni inasubiri.

#21 Mwalimu_Pongwe

Shikamoo mzee #20.

Niseme na mimi, kwa kuwa mnaizungumzia Pongwe nikiwa hapahapa. Mwisho wa muhula uliopita matokeo ya darasa langu, wanafunzi 84, niliyapeleka Raskazone kwenye flashi. Redio ilikuwa imekufa siku ya pili. Nilimpa dereva wa bodaboda flashi ikiwa kwenye bahasha, nikakaa na wasiwasi mpaka nilipopigiwa simu kuwa imefika. Kazi ya miezi minne ya watoto wa watu ilikuwa mfukoni mwa mtu nisiyemjua.

Somo la anatomia linafundishwa na mtaalamu mmoja tu, yuko Raskazone. Tumeshafunga kamera na skrini ili afundishe kampasi zote kwa pamoja. Picha inaganda anapoonyesha mshipa, ikirudi ameshafika kwenye mfupa. Wanafunzi wangu hawahitaji kasi ya ajabu. Wanahitaji linki isiyokatika kwa dakika hamsini za kipindi.

#22 Mzee_wa_Stesheni

Marahaba mwanangu. Umesema vizuri.

#23 Hesabu_Kwanza

#21 hili liingie ukurasa wa kwanza wa andiko. Wajumbe wa bodi hawaelewi gigabiti, ila bahasha na bodaboda wataielewa.

Kuhusu reli, mzee, wazo ni zuri lakini ni kibali kingine. Mleta uzi andika orodha: barabara kuu ni TANROADS, za mitaa ni TARURA, kuvuka au kufuata reli ni TRC, na Jiji nao wana neno lao. Halafu wasiliana na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema kuhusu leseni.

#24 KaziNiNguzo

Leseni ya nini? Chuo kinaunganisha majengo yake chenyewe, hakiuzi huduma kwa mtu.

#25 Hesabu_Kwanza

Majengo yakiwa ndani ya uzio mmoja sawa. Hapa unapita kilomita 17 kwenye ardhi ya umma. Kuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, usijitungie tafsiri barazani. Andika barua, ujibiwe kwa barua.

#26 KaziNiNguzo

Barua ni sawa. Bado nasema matumizi binafsi ni tofauti na biashara.

#27 Mtaro_Mrefu

Mnagombana kuhusu leseni, mimi niwape kisa cha hifadhi ya barabara. Tulizika waya mahali fulani, si Tanga, mita 1.2, kazi safi kabisa, bomba na chemba kila mita 200. Baada ya miaka mitatu barabara ikapanuliwa. Kibali chetu kilisema wazi: ukitakiwa kuhama, unahama kwa gharama zako. Tukachimba upya kilomita 4. Mwenye mradi alilia.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba kaulizieni mpango wa upanuzi wa hiyo barabara, na mzike mwishoni kabisa mwa hifadhi, si pembeni ya lami.

#28 Hesabu_Kwanza

Na bado unasema unazika halafu unasahau? (#3)

#29 Mtaro_Mrefu

Nimesema ukiizika vizuri. Na mahali pazuri ni sehemu ya kuzika vizuri. 😀

#30 Barabara_ya_Kumi_na_Tano

Naona hakuna aliyegusa redio. Mimi nimefunga redio nyingi ukanda huu. Kange–Pongwe kilomita 10 kwa 5 GHz si mbali. Shida yenu inaweza kuwa miti. Mnara ulipofungwa miti ilikuwa mifupi, minazi na miembe haingoji mtu. Kuona mnara wa pili kwa macho hakutoshi. Katikati ya njia ya kilomita 10, mawimbi ya 5 GHz yanahitaji uwazi wa kama mita 11 kuzunguka ule mstari. Tawi likiingia humo unapoteza nguvu huku macho yakikuambia njia nyeupe. Halafu chumvi ya bahari: vichwa vya waya vinaota kutu ya kijani ndani ya mwaka mmoja kama havikufungwa utepe.

Hata mkijenga faiba, hizo redio msizishushe. Ziacheni ziwe njia ya pili.

#31 Kioo_na_Mwanga

Naunga mkono #30 mia kwa mia. Watu wengi wanasema "tuna njia mbili" kumbe ni nyuzi mbili ndani ya waya mmoja. Katapila halichagui uzi.

#32 Kijana_wa_Sahare

Kama ile siku waya wa intaneti wa baharini, SEACOM, ulipokatika, nchi nzima tukalala.

#33 BintiNgamiani

Ilikuwa tarehe 12 Mei 2024, na zilikatika mbili, SEACOM na EASSy, upande wa pwani ya Afrika Kusini. Ndiyo maana ikauma, ingekatika moja tusingehisi sana.

#34 Mwalimu_Pongwe

Siku zile za Mei nilijifunza kitu. Vitabu vya maktaba yetu viko kwenye seva iliyoko Raskazone, hapahapa Tanga, lakini Pongwe tulikuwa tunavifikia kwa kuzunguka intaneti ya simu. Bahari imekatika huko kusini, mwanafunzi wa Pongwe anashindwa kusoma kitabu kilichoko kilomita 17 kutoka alipokaa. Kama faiba ya ndani ingekuwepo tusingejua hata kama bahari imekatika.

#35 Fundi_wa_Raskazone

Mwalimu, naomba nikunukuu kwenye andiko. Hii ndiyo sababu ninayoipigania siku zote nikashindwa kuisema.

#36 Hesabu_Kwanza

Na ongeza TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa nchi. Kampasi zikishakuwa mtandao mmoja, mnajiunga mara moja kwa niaba ya zote.

#37 KaziNiNguzo

Turudi kwa mgonjwa wetu. Vichwa vya faiba ni rangi gani? Kijani kwa kijani, buluu kwa buluu?

#38 Fundi_wa_Raskazone

Ngoja nikaangalie.

#39 Mpita_Njia

Kahawa inaisha.

#40 Fundi_wa_Raskazone

Wakuu. Raskazone, kwenye boksi la ukutani, adapta ni za buluu na mmoja wa waya zilizochomekwa una kichwa cha kijani. Umekaa hivyo tangu mwaka jana, na mimi nimepita mbele yake kila siku.

#41 KaziNiNguzo

Huyo hapo! Kijani kimekatwa kwa mshazari wa digrii 8, buluu uso wake umenyooka. Ukivichomeka pamoja nyuso hazigusani, panabaki upenyo wa hewa. Desibeli tatu, nne zinaondoka pale, na ncha zinaweza kukwaruzana. Badilisha waya, safisha kwa kitambaa kisicho na nyuzi, usipulize kwa mdomo.

#42 Kioo_na_Mwanga

Vizuri, lakini kosa hilo lipo saa 24. Haliwezi kueleza saa nane.

#43 KaziNiNguzo

Linaeleza kwa nini hana akiba. Mwenye akiba haumwi na saa nane.

#44 Mtaalamu_wa_Kabati

Salamu. Nimesoma uzi wote. Hakuna aliyeuliza kabati la vifaa vya mtandao la Kange limekaa wapi. Kama ni la chuma, limefungwa ukuta wa magharibi bila feni, saa nane linageuka oveni. SFP za kawaida zinahimili nyuzi joto 0 hadi 70. Leza ikipata joto inatoa mwanga hafifu. Soma joto la moduli, na usome mwanga unaoTUMWA, si unaopokelewa tu.

#45 Fundi_wa_Raskazone

Liko nje, ukuta wa magharibi, la chuma. Kesho nakuja na namba.

#46 Mzee_wa_Stesheni

Na mkifungua hayo maboksi ya juu ya nguzo angalieni nyuki. Tanga nyuki wana historia. Novemba 1914 Waingereza walishuka hapa na jeshi kubwa kutoka India, wakarudishwa baharini, na nyuki waliwashambulia vitani. Waingereza wenyewe wanaiita vita ya nyuki.

#47 Barabara_ya_Kumi_na_Tano

Mzee, nyuki ni kweli tupu. Nimeshawahi kukuta mzinga ndani ya boksi la redio huko Muheza, nilishuka mnara kama nazi.

#48 BintiNgamiani

Jeshi la Mjerumani lilikuwa dogo zaidi, nyuki wamepewa sifa kuliko wanayostahili. Bunduki za askari zilifanya kazi kubwa. Haya turudi kwenye faiba.

#49 Fundi_wa_Raskazone

Mrejesho wa siku nne.

Nilibadilisha waya wa kijani, nikasafisha vichwa vyote pande mbili. Asubuhi sasa naingiza hasi 13.9, nimeokoa desibeli 4. Linki haijakatika tangu hapo.

Lakini saa nane bado inashuka. Jana iliingia hasi 16.8. Joto la moduli ya Kange lilikuwa 61, na mwanga unaotumwa ulishuka kutoka hasi 6.1 hadi hasi 6.9.

#50 Mtaalamu_wa_Kabati

Nilisema.

#51 Kioo_na_Mwanga

Ulisema sehemu. Leza imepunguza 0.8. Jumla iliyopungua ni 2.9. Desibeli 2.1 zilizobaki zinapotea njiani, si kabatini. Na hata asubuhi zipo kama 3 zisizo na maelezo.

Tafuta OTDR, mashine inayoonyesha mwanga unapotelea mita ya ngapi. Pima uzi wa akiba kwa 1310 NA kwa 1550, saa nane yenyewe. Uzi uliokunjwa kwa kubana unavujisha zaidi kwenye 1550. Ukiona ngazi, yaani mwanga kushuka ghafla kwenye mchoro, ndogo kwenye 1310 na kubwa kwenye 1550 mahali palepale, huo ni mkunjo. Zikilingana, ni kiungo kibaya au uchafu.

#52 Kijana_wa_Sahare

Bado nasema joto.

#53 BintiNgamiani

Sahare, wote wanasema joto, wanabishana joto la wapi. 😀

#54 Baharia_Mstaafu

Mimi si wa faiba, ila kuna kitu mnakiruka. Saa nane mchana hapa si jua tu, ni upepo. Asubuhi bahari imetulia, mchana nchi kavu ikishapata moto upepo wa baharini unaingia, jioni unalala. Kila mvuvi anajua. Waya wa juu unayumba. Kama kuna mahali unagusa mnazi au umefungwa kwa kubana, utaumia muda huohuo wa jua, na mtasema ni jua. Siku ya mawingu na mvua nayo upepo huo unakuwa mdogo.

#55 Kioo_na_Mwanga

Ami, hilo sikulifikiria. Na siwezi kulikataa.

#56 Mtaro_Mrefu

Jua, upepo, mnazi, nyuki, kabati. Chini ya ardhi hakuna hata kimoja.

#57 Mzee_wa_Stesheni

Kuna panya buku na mchwa, mwanangu.

#58 Mtaro_Mrefu

Hapo umenipata mzee. Bomba gumu, na ncha zizibwe. Na kwa wezi, chukueni waya usio na chuma ndani, mweke na kibao kimeandikwa kwa Kiswahili "HAKUNA SHABA HAPA". Wanaochimba hawafuati kioo, wanadhani ni shaba.

#59 Hesabu_Kwanza

Mleta uzi, andiko limefikia wapi? Na jambo moja kabla sijasahau: ile ya kilomita 17 ukitaka iende moja kwa moja Raskazone–Pongwe, moduli za kilomita 10 hazifai. Utachukua za kilomita 40 za 1550. Lakini usizichomeke kwenye kipande kifupi cha Kange bila kipunguza mwanga, za gigabiti 10 zinaweza kuzidisha mwanga kwenye kipokezi.

#60 Fundi_wa_Raskazone

Andiko limebadilika. Nimeweka bei tatu kando kwa kando: kuchimba wenyewe, kukodi nyuzi mbili za giza, na kuvuta juu ya nguzo. Kila moja nimeijumlishia miaka 15, pamoja na mashine ya kuungia, ngoma ya akiba na mafunzo. Nimependekeza vijana wa karakana ya Kange wafundishwe kuunga faiba, waya wao wautunze wenyewe. Moyo wangu bado uko kwenye kuchimba, sifichi. Kama tutachimba, nyuzi 24 na bomba tupu la pili ndani ya mtaro huohuo.

OTDR tumeazima leo. Nyuzi nne za akiba, saa nane na nusu, upepo upo, jua lipo. Nyuzi mbili zina ngazi kwenye mita 4,100, ya 1550 ni kubwa kuliko ya 1310. Nyingine mbili hazina kitu kabisa. Kwa hesabu yangu ni nguzo ya karibu na barabara ya Pangani, na kando yake kuna mnazi.

#61 KaziNiNguzo

Nyuzi mbili zina ngazi, mbili hazina: ni klosha, mtu alizikunja vibaya kwenye trei. Upepo ungeyumbisha zote.

#62 Baharia_Mstaafu

Upepo unayumbisha waya, waya unavuta kijirija kimoja. Kila kijirija kina nyuzi zake.

#63 Mtaro_Mrefu

Angalizo la mita 4,100: hiyo ni urefu wa kioo, si wa barabara. Uzi unazunguka ndani ya waya, na kila klosha ina mizunguko ya akiba. Tulishawahi kuchimba mita 60 mbali na tatizo kwa kuamini namba ya mashine. Toa akiba zote kabla hujachagua nguzo.

#64 Fundi_wa_Raskazone

Asante sana #63. Nikitoa akiba inaangukia nguzo mbili kabla ya hiyo. Ile haina mnazi. Kesho asubuhi tunaifungua.

#65 BintiNgamiani

Msiende asubuhi. Asubuhi si inakuwa nzima? Nendeni saa nane muifungue ikiwa inaumwa, mmoja abaki Raskazone anasoma namba kwenye simu wakati mwingine anagusa uzi mmoja mmoja.

#66 Mwalimu_Pongwe

Saa nane kesho nina kipindi cha anatomia, tafadhali msiguse uzi unaotumika.

#67 Fundi_wa_Raskazone

Tutagusa za akiba tu, Mwalimu. Saa saba na nusu tuko chini ya nguzo na ngazi. Nitaleta picha.